Vifaa vya kuhifadhia sayansi kwenye Kerbal Space Program: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watengenezaji wa modi (nyongeza) za Kerbal Space Program, gemu la kujenga na kurusha vyombo vya anga, wanaotaka makasha, rekoda na kapsuli zao zifanane na zile zilizoruka kweli. Majibu yanahusu toleo la kwanza la gemu, hasa 1.12, ambalo ndilo sasisho lake kubwa la mwisho (2021). Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa huko.

## Mwanzo

Gemu lina kasha lake la kuhifadhia tayari. Kwa nini nitengeneze jingine?

Kwa sababu kasha la gemu halina mipaka ya maana. Unaweza kujaza humo vipimo vya joto, ripoti za wanaanga na udongo wa kila sayari, na uzito wa chombo usiongezeke hata gramu moja. Haliombi umeme, haliharibiki kwa mionzi, halina mlango unaoweza kukwama. Kinachozuiwa ni kurudia jaribio lilelile la mahali palepale, basi.

Katika safari za kweli, hifadhi ni moja ya mambo yanayoamua safari itakuwaje: lini antena igeuzwe kuelekea Dunia, picha zipi zifutwe, jiwe gani liachwe. Kifaa kizuri humrudishia mchezaji maamuzi hayo.

Data na sampuli si kitu kimoja?

Gemu linavichanganya, wewe usivichanganye. Data ni biti: zinaweza kunakiliwa, kubanwa, kutumwa kwa redio, na uzito wake ni sifuri. Sampuli ni kitu: ina uzito, inachafuka, inahitaji kasha linaloziba na njia ya kurudi nyumbani. Amua mapema kifaa chako ni cha kipi kati ya hivyo viwili. Ukitaka kimoja kifanye yote, utapata kasha lilelile la gemu lenye rangi mpya.

Je, lazima nijue kuprogramu?

Si lazima kwa hatua za mwanzo. Kipande chochote ni modeli, tekscha (picha inayovikwa modeli) na faili la usanidi lenye maandishi ya kawaida. Ndani yake unaita moduli ambazo gemu tayari linazo, mfano `ModuleScienceContainer`. Utahitaji C#, lugha ya kuprogramu, pale tu unapotaka tabia ambayo haipo, kama uzito unaopanda kadiri sampuli zinavyoingia. Hata hapo, wengi hutumia modi ya Kerbalism badala ya kuandika yao (tazama swali la Kerbalism hapa chini).

## Hifadhi ya data

Niweke uwezo kiasi gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wengi huliendea kinyume. Wanatafuta ukubwa wa kumbukumbu ya chombo fulani na kuunakili. Anza na antena. Jiulize: chombo hiki kitakusanya data kwa muda gani bila kutuma, na kikianza kutuma kitatoa biti ngapi kwa sekunde? Uwezo wa rekoda ni daraja kati ya namba hizo mbili. Ukikosea upande wa antena, hakuna ukubwa wa hifadhi utakaouokoa muundo wako.

Mfano wa wazi kabisa ni Mariner 4, iliyopita karibu na Mars Julai 1965. Kila picha ilikuwa na nukta 200 kwa 200, kila nukta biti 6, yaani biti 240,000. Redio ilituma biti 8.33 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 28,800 hivi, sawa na saa nane kwa picha moja. Kamera ilipiga picha zote kwa muda mfupi wa kupita. Bila tepu ya kurekodi, safari nzima ingekuwa bure. Tepu ilibeba biti milioni 5 na kitu, na zilitosha kwa picha 21 kamili na kipande cha ya 22. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA huko California, walishindwa kungoja kompyuta iichore picha ya kwanza. Walichapa namba za mwangaza kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakapaka rangi za chaki namba kwa namba mpaka ukingo wa Mars ukajitokeza.

Miaka 50 baadaye hesabu ilikuwa ileile. New Horizons ilipita Pluto tarehe 14 Julai 2015 ikiwa na rekoda mbili za chipu, kila moja gigabaiti 8. Kutoka umbali ule, kasi ya kutuma ilikuwa kati ya biti 1,000 na 2,000 hivi kwa sekunde. Data za siku chache zile zilimaliza kufika Duniani Oktoba 2016, baada ya miezi 15. Kwa hiyo chombo cha kupita tu kinahitaji hifadhi kubwa na subira; chombo kinachozunguka sayari kinaweza kujaza na kumwaga kila siku. Cassini, ambayo ilizunguka Zohali kwa miaka 13, iliishi na rekoda mbili za gigabiti 2 kila moja, maana ilikuwa na antena ya mita 4.

Kwenye gemu, fanya hivi: chukua antena ya kiwango ambacho mchezaji atakuwa nayo wakati kifaa chako kinapofunguliwa, kadiria data za mpito mmoja (kupita mara moja karibu na sayari), halafu weka uwezo unaojaa kabla mpito haujaisha ikiwa mchezaji amewasha kila chombo cha kupimia. Achague.

Satelaiti ya mzunguko wa chini nayo inahitaji rekoda?

Ndiyo, kwa sababu haipo juu ya kituo cha mawasiliano muda mwingi. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Ilizunguka karibu na ikweta, mzunguko mmoja ukichukua dakika 96 hivi. Satelaiti ya namna hiyo huonana na kituo kimoja cha ardhini kwa dakika chache tu kila mzunguko. Unachopima nje ya dakika hizo, ama kimerekodiwa au kimepotea.

Kwa kifaa cha mwanzo wa mchezo huu ni mfano mzuri: rekoda ndogo inayobeba mzunguko mmoja au miwili. Kiwe chepesi na cha bei nafuu. Mchezaji atajifunza kupanga mizunguko kabla hajafika mwezini.

Nitengeneze rekoda za tepu na filamu, au chipu zinatosha?

Tengeneza zote, ukizipanga kwenye mti wa teknolojia. Kila moja ina tabia yake.

Filamu ilitangulia. Luna 3 mwaka 1959 ilipiga picha upande wa Mwezi tusiouona, ikaisafisha filamu humohumo ndani ya chombo, kisha ikaisoma kwa mwanga na kuituma. Lunar Orbiter za Marekani (1966 na 1967) zilifanya kazi kwa mtindo huo pia. Satelaiti za kijasusi za Corona hazikutuma kitu: zilidondosha filamu ndani ya kapsuli, na ndege ikaidaka ikiwa inashuka kwa parachuti. Kwa gemu, filamu iwe na idadi maalumu ya picha na isitumike tena ikiisha.

Tepu inaandikika upya, lakini ina mota na magurudumu. Galileo ilipata shida mara mbili: antena yake kubwa ilikataa kufunguka mwaka 1991, halafu Oktoba 1995, wiki chache kabla ya kufika Jupita, tepu ikakwama. Wahandisi waliinusuru na safari ikaendelea kwa antena ndogo, tepu ile ikiwa ndiyo ghala la kila kitu. Ukiweka uwezekano wa kuharibika, uweke kwenye tepu.

Chipu hazina kitu kinachozunguka. Adui yake ni mionzi.

Mionzi inaathirije hifadhi?

Chembe moja yenye nguvu ikipita kwenye chipu inaweza kugeuza 0 kuwa 1. Vyombo vya kweli hujikinga kwa biti za ziada zinazotambua na kusahihisha kosa, na kwa kusomasoma kumbukumbu yote mara kwa mara ili makosa yasilundikane. Ndiyo maana uwezo unaotumika huwa mdogo kuliko uwezo wa chipu zenyewe. Kwa mchezaji, njia rahisi ni kumpa vifaa viwili vya ukubwa mmoja: kimoja chenye uwezo mkubwa kisicho na kinga, kingine chenye kinga, kizito zaidi na chenye nusu ya uwezo. Kufuta data za mtu ghafla bila onyo sikushauri. Punguza thamani yake polepole ndani ya mikanda ya mionzi, naye aone namba ikishuka.

Umeme?

Mdogo lakini wa kudumu. Wanaofuata Realism Overhaul, modi inayoleta vipimo vya kweli, huchukulia uniti moja ya umeme kwa sekunde kuwa kilowati moja, kwa hiyo rekoda ya wati 10 itumie 0.01. Tepu itumie zaidi inapoandika au kusoma.

## Hifadhi ya sampuli

Kasha halisi la sampuli lina sehemu gani?

Angalia kasha la mawe la Apollo, kwa sababu kila sehemu yake ina sababu unayoweza kuichonga kwenye modeli. Ni sanduku la alumini lenye mpini, la kubebwa kwa mkono mmoja. Ndani limetandikwa wavu wa alumini uliofumwa ili mawe yasigongane wakati wa kutua baharini. Mfuniko hufungwa kwa kamba za chuma zenye makomeo makubwa, ili glavu nene ziweze kuyashika. Kuziba ndiko kulikofikiriwa zaidi: ukingo mkali wa chuma unazama kwenye utepe wa indiamu, chuma laini kinachobonyea kama nta, pamoja na mipira miwili ya kuzibia.

Pamoja na hayo yote, baadhi ya makasha hayakufika Houston yakiwa na ombwe. Vumbi la Mwezi lilikaa kwenye ukingo na hewa ikaingia. Hilo ni jambo la kuchezeka: kasha lililofunguliwa mara nyingi juu ya ardhi lipoteze ubora wa muhuri, na la kujaza mara moja tu lihifadhi thamani yote.

Ukitaka mfano wa roboti, OSIRIS-REx ni somo. Oktoba 2020 iligusa asteroidi Bennu na kuchota nyingi kupita kiasi, hata mawe yakauzuia mfuniko na chembe zikaanza kuvuja angani. Waongozaji waliharakisha kufungia kichwa cha kuchotea ndani ya kapsuli. Kilipofika Duniani Septemba 2023, vifungio 2 kati ya 35 vilikataa kufunguka na ikabidi zitengenezwe zana mpya. Kichwa kilifunguliwa Januari 2024. Jumla iliyopatikana ni gramu 121.6. Safari ya miaka saba, na shida zote mbili zilikuwa za mfuniko. Mfuniko wako upe uhuishaji wake, sauti yake na hali zake: wazi, umefungwa, umekwama.

Sampuli moja iwe na uzito gani?

Inategemea nani anachukua. Luna 16 ya Kisovieti, roboti ya kwanza kurudi na udongo wa Mwezi (1970), ilileta gramu 101. Hayabusa2 ya Japani ilileta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu. Chang'e 5 ya China ilileta gramu 1,731, na Chang'e 6 gramu 1,935.3, za kwanza kabisa kutoka upande wa nyuma wa Mwezi. Safari sita za Apollo kwa pamoja zilileta kilo 382. Mtu mwenye nyundo hubeba zaidi ya mashine.

Kwa hiyo sampuli ya roboti iwe chini ya kilo moja, ya mwanaanga kilo kadhaa. Namba hizi ni ndogo kwa mchezaji wa kawaida, lakini injini ya kurudi ikiwa imepimwa kwa gramu, kila kasha litahesabika. Fikiria pia mtindo wa Perseverance: mirija 43 ya titani, kila mmoja ukitosha kiini chembamba kama kipande cha chaki. Mirija 10 imeachwa juu ya ardhi ya Mars mahali paitwapo Three Forks kama akiba. Kifaa cha mirija inayoweza kudondoshwa na kuokotwa na chombo kingine kingependeza sana.

Sampuli za viumbe zinahitaji jokofu?

Ndiyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina majokofu ya MELFI yanayofika nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwenye gemu, jokofu ni kasha lenye umeme usiokatika. Umeme ukikatika, sampuli ibaki lakini thamani ishuke.

Kapsuli ya kurudishia niipimeje?

Stardust ni kipimo kizuri: kapsuli ya kipenyo cha sentimita 81 na kilo 46, iliyoingia angahewa kwa takribani kilomita 12.9 kwa sekunde Januari 2006 ikiwa na vumbi la kometi Wild 2. OSIRIS-REx ilitumia muundo huohuo. Hayabusa2 ilikuwa ndogo zaidi, sentimita 40 na kilo 16. Ndani ya kapsuli kama hizi hakuna kiti, hakuna injini. Ni ngao ya joto, parachuti, betri, kirusha ishara cha kuonyesha ilipo, na kasha. Ipe ngao inayolika kwa joto, na usiipe gurudumu la kujigeuza. Uthabiti wake utoke kwenye umbo na kitovu cha uzito kilicho chini.

## Umbo, namba na faili

Vipimo vya kweli au vya gemu?

Watengenezaji wengi huzidisha vipimo vya kweli kwa 0.64. Apollo ya mita 3.9 inakuwa 2.5, saizi ambayo gemu tayari linayo. Stardust inakuwa 0.52, nawe unaikuza hadi 0.625 ili ishikane na vipande vingine. Kama unalenga Realism Overhaul, acha vipimo vya kweli.

Uzito huandikwa kwa tani. Kilo 46 ni 0.046. Roketi zinazokataa kuinuka wakati wa majaribio mara nyingi zimeandikiwa 46.

Tekscha iwe kubwa kiasi gani?

Kwa kasha dogo, 512 kwa 512 inatosha. Tumia faili za DDS. Tekscha ya 1024 bila kubanwa hula megabaiti 4 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa DXT1, njia ya kubana picha ndani ya DDS, ni karibu 0.7 pamoja na nakala zake ndogo. Wachezaji wengi wanatumia laptopu za kawaida, wahurumie.

Nifanyeje kikubaliane na Kerbalism?

Kerbalism hutenganisha faili na sampuli, na hupima faili kwa megabaiti na sampuli kwa nafasi. Sampuli zake zina uzito. Andika kiraka cha ModuleManager, modi inayobadili faili za usanidi gemu linapoanza, ambacho kitafanya kazi pale tu modi hiyo ipo:

```
@PART[kashaLaMawe]:NEEDS[Kerbalism]
{
    !MODULE[ModuleScienceContainer] {}
    MODULE
    {
        name = HardDrive
        dataCapacity = 0
        sampleCapacity = 8
    }
}
```

Thamani ya -1 maana yake hakuna kikomo. Usiitumie, inarudisha tatizo la swali la kwanza.

## Matatizo na hali za pembeni

Mwanaanga yuko nje, amekaribia kasha, lakini kitufe cha kuweka data hakitokei.

Angalia `storageRange` kwenye faili. Ni umbali kwa mita. Kipande chenye kipenyo cha mita 2.5 hakiwezi kutumia namba ileile ya kipande cha 0.625. Pia hakikisha kuna ngazi au mpini karibu. Anayeelea kwa jeti ya mgongoni huteleza nje ya umbali huo kila mara.

Nimebadili jina la kipande kwenye faili, na vyombo vya wachezaji vimetoweka.

Jina la ndani la kipande halibadilishwi baada ya kutolewa. Gemu likikosa kipande, hukiondoa chombo kizima kilichokuwa angani. Badili `title` upendavyo, hilo ndilo mchezaji analoliona. Ukitaka kuachana na kipande, kifiche kwenye orodha ya ujenzi na uache faili lake. Na jina lisiwe na mstari wa chini: gemu huugeuza kuwa nukta.

Wachezaji wanasema kifaa changu ni kigumu mno.

Sikiliza ni ugumu upi. Kama wanajaza hifadhi bila kujua, tatizo ni taarifa: onyesha asilimia iliyobaki kwenye dirisha la kipande na useme antena yao itachukua muda gani kumwaga. Kama wanajua na bado wanalalamika kwamba lazima wachague, kifaa kinafanya kazi yake. Toa faili dogo la hiari la kulegeza namba kwa wanaotaka.

Kapsuli ikianguka bila parachuti, sayansi yote ipotee?

Hapana, na ushahidi ni Genesis. Septemba 2004 kapsuli yake iliyobeba chembe za upepo wa Jua iligonga jangwa la Utah bila parachuti kufunguka, kwa sababu vihisi vya mwendo vilikuwa vimefungwa kichwachini. Sahani za kukusanyia zilivunjika vipandevipande na tope likaingia. Wanasayansi waliviokota kimoja kimoja, wakavisafisha, na malengo makuu ya safari yakafikiwa: chembe zilikuwa zimezama ndani ya sahani, uchafu ulikuwa juu tu.

Gemu litakifuta kipande kikizidi kiwango cha mgongano, hivyo inabidi ujue tukio hilo kabla halijatokea. Suluhisho lisilohitaji msimbo ni kugawa kapsuli vipande viwili, ganda na kiini, na kukipa kiini `crashTolerance` kubwa zaidi. Ganda linapasuka, kiini kinabaki mchangani kikisubiri kuokotwa. Kwa mwenye C#, punguza thamani ya sampuli kulingana na kasi ya kugonga. Data za chipu zibaki zima, vumbi lipoteze sehemu, na sampuli ya viumbe ihesabike imechafuka.